Alifiwa au alikuwa amesimama mlangoni? Jibu kwa binti wa Kisauni

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu na ninaishi Kisauni, Mombasa. Juzi nyumbani kulizuka mabishano. Ami yangu alishikilia kwamba mwanamke hafiki kileleni mwa uongozi ila kwa kufiwa: Mama Samia aliupata urais kwa sababu Magufuli alifariki, na wale wa Asia walirithi viti vya waume na baba zao. Sikuwa na la kumjibu. Je, ni kweli? Na kwa nini hapa kwetu, ambapo wanawake ndio wanaojaza mikutano ya kampeni, Mombasa haijapata gavana mwanamke wala Kenya haijapata rais mwanamke?"

Marahaba, mwanangu. Ami yako ana nusu ya hoja, na nusu hiyo usiipuuze, kwa maana ukiikana yote atakushinda kwa mifano.

Mwanamke wa kwanza duniani kuwa waziri mkuu alikuwa Sirimavo Bandaranaike wa Sri Lanka, mwaka 1960, na mumewe, aliyekuwa waziri mkuu, alikuwa ameuawa mwaka uliotangulia. Indira Gandhi, aliyeshika uongozi wa India mwaka 1966, alikuwa binti wa Nehru. Benazir Bhutto, aliyekuwa waziri mkuu wa Pakistan mwaka 1988, alikuwa binti wa kiongozi aliyenyongwa mwaka 1979. Kule Bangladesh, Khaleda Zia alikuwa mjane wa rais aliyeuawa, na hasimu wake Sheikh Hasina alikuwa binti wa mwasisi wa taifa, ambaye naye aliuawa. Kwa hiyo jina la marehemu liliwafungulia njia, hilo halina ubishi.

Lakini muulize ami yako, kwa adabu, kama wanaume hawarithi. Uhuru Kenyatta ni mtoto wa rais wa kwanza, Raila Odinga alikuwa mtoto wa makamu wa kwanza wa rais, na gavana wetu wa sasa hapa Mombasa, Abdulswamad Nassir, ni mtoto wa Shariff Nassir aliyekuwa waziri na mbunge wa Mvita kwa miaka mingi. Sijapata kumsikia mtu barazani akisema kwamba hao walipata kwa kufiwa. Mtoto wa kiume akishika nafasi ya babake huambiwa amekomaa, na wa kike huambiwa amebebwa. Tena, kurithi jina hakumweki mtu kitini muda mrefu. Bandaranaike alikuwa waziri mkuu mara tatu, ya mwisho ikianza mwaka 1994, na Indira Gandhi alishindwa kwenye kura mwaka 1977 akarudi kwa kura hizo hizo mwaka 1980, wakati ambapo marehemu babake hakuwa na la kumsaidia.

Tuje kwa Mama Samia, kwa kuwa ndiye anayetajwa zaidi katika nyumba zetu. Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, na tarehe 19 Samia Suluhu Hassan akala kiapo. Ami yako anaziona siku hizo mbili tu. Mimi naiona miaka ishirini na moja iliyozitangulia: mwaka 2000 aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kwa viti maalumu na kupewa uwaziri, mwaka 2010 aligombea ubunge wa jimbo la Makunduchi, kwao alikozaliwa, akashinda, akawa waziri wa nchi aliyeshughulikia mambo ya Muungano, mwaka 2014 akawa makamu mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba, mwaka 2015 akawa mgombea mwenza, kisha makamu wa rais. Katiba ya Tanzania inasema kiti cha rais kikiwa wazi makamu ndiye anayekikalia. Msiba haukumchagua yeye. Ulimkuta amesimama mlangoni, na kufika kwenye mlango ule kulikuwa kazi ya miongo miwili.

Joyce Banda wa Malawi alikuwa na njia yenye miiba zaidi. Alikuwa makamu wa rais, wakakosana na Rais Bingu wa Mutharika, akafukuzwa chamani, lakini umakamu hawakuweza kumvua kwa sababu alichaguliwa na wananchi pamoja na rais. Mutharika alipofariki mwanzoni mwa Aprili 2012, walikuwapo wakubwa serikalini waliotaka kumzuia asirithi, na katiba ndiyo iliyomlinda. Miaka miwili baadaye alishindwa katika uchaguzi. Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia hakusubiri msiba wowote: mwaka 2005 alimshinda George Weah katika duru ya pili, akawa mwanamke wa kwanza barani Afrika kuchaguliwa rais, akaongoza mihula miwili hadi Januari 2018. Naye Netumbo Nandi-Ndaitwah wa Namibia, aliyeapishwa tarehe 21 Machi 2025, alijiunga na SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa nchi hiyo, akiwa kijana, akaishi uhamishoni, akashika wizara moja baada ya nyingine, ndipo akafika kwenye umakamu na mwishowe kwenye karatasi ya kura.

Niongeze jambo ambalo wapenzi wa hoja ya wanawake kuongoza hawapendi kulisikia. Mwanamke akishafika huko juu, hahitaji kuhurumiwa wala kusifiwa kwa uanauke wake. Uchaguzi wa Tanzania wa Oktoba 2025 ulifanyika kiongozi wa chama kikuu cha upinzani akiwa gerezani, ukafuatwa na umwagaji damu, na Sheikh Hasina aliondolewa na maandamano ya vijana mwezi Agosti 2024 baada ya wengi wao kuuawa. Watawala hao wapimwe kwa mizani ile ile wanayopimiwa wanaume. Anayetaka wanawake waongoze kwa sababu eti wana huruma kuliko wanaume anajenga nyumba yake juu ya mchanga.

Nadhani katika mabishano ya nyumbani dini nayo ilitajwa, ingawa hukuiandika. Mimi si shehe, na mwenye kutaka fatwa aende kwa wenyewe. Ninalolijua ni kwamba hadithi inayotajwa, kwamba hawatafaulu watu waliompa mwanamke uongozi wa mambo yao, iliyopokewa na Abu Bakra na kuhifadhiwa katika Sahihi ya Bukhari, ilisemwa wakati habari zilipofika kwamba Waajemi wamemtawalisha binti wa Kisra, mfalme wao, na kwamba wanazuoni wametofautiana: wako wanaoichukua kuwa kanuni ya jumla, na wako wanaoifunga na tukio lile, au wanaotofautisha ukhalifa na vyeo vya dola ya leo ambamo madaraka yamegawanywa kati ya rais, bunge na mahakama. Qurani yenyewe, katika Surat An-Naml, inamsimulia Malkia wa Sabaa akiwashauri wakuu wake kabla ya kukata neno. Na nchi za Waislamu wengi zimekwisha kuongozwa na wanawake: Pakistan, Bangladesh, Uturuki chini ya Tansu Çiller mwaka 1993, na Indonesia chini ya Megawati Sukarnoputri mwaka 2001.

Kwa mji kama wetu, kusema kwamba uongozi wa mwanamke ni jambo la kuja na meli ni kusahau. Masimulizi ya wazee yanamtaja Mwana Mkisi kuwa ndiye aliyekuwa mtawala wa Mombasa kabla ya Shehe Mvita. Kule Pate, karne ya kumi na nane, alitawala Mwana Khadija. Zanzibar ilikuwa na Malkia Fatuma wakati Ngome yetu ya Yesu ilipozingirwa na Waomani kati ya mwaka 1696 na 1698. Yeye alikuwa upande wa Wareno, akawapelekea chakula waliozingirwa, na ngome ilipoanguka alilipia kwa kuhamishiwa Maskati. Simtaji ili tumsifu, maana huenda alichagua upande mbaya. Namtaja kwa sababu alikuwa na upande, na uamuzi wake ulikuwa na uzito hata adui akaona afadhali amtoe kisiwani. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama wasiwafanyie Waingereza kazi, akakamatwa na kupelekwa mbali huko Kisii, akatoroka akarudi.

Utawala wa Kiingereza ndio uliokuja kuufanya uongozi wa pwani kuwa wa wanaume watupu katika maandishi. Liwali alikuwa mwanamume, mudiri aliye chini yake alikuwa mwanamume, na kura zilipoanza kutolewa kwa mafungu ya watu kulingana na asili zao, wanawake wa Kiarabu wa mji huu walibaki nje, hata mwishoni mwa miaka ya 1950 wakaandika ombi rasmi kudai haki ya kupiga kura. Bibi zetu waliokuwa wakishindana kwa vyama vya ngoma ya lelemama, wakichanga, wakichagua viongozi wao na kupewa vyeo, walikuwa wameshaijua siasa. Waliyonyimwa ni karatasi.

Sasa Kenya. Mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni alikuwa Grace Onyango, Kisumu, mwaka 1969, na wa kwanza kuwa waziri kamili alikuwa Nyiva Mwendwa, mwaka 1995. Hesabu miaka: Uhuru ulipatikana 1963, waziri mwanamke akaja baada ya miaka thelathini na miwili. Mwaka 1997 Charity Ngilu na Wangari Maathai waligombea urais, na mwaka 2013 Martha Karua. Katiba ya 2010 ikaleta viti 47 vya wawakilishi wa wanawake, kimoja kila kaunti, na katika Kifungu cha 27 ikaagiza kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya nafasi za kuchaguliwa au kuteuliwa. Agizo hilo halijatimizwa bungeni mpaka leo. Mahakama ya Juu ilitoa ushauri mwaka 2012 kwamba litekelezwe hatua kwa hatua hadi Agosti 2015, muda ukapita, na mwezi Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri rais alivunje bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Bunge halikuvunjwa.

Hata hivyo hesabu ya magavana inatembea. Mwaka 2013 hapakuwa na gavana mwanamke hata mmoja. Mwaka 2017 walipatikana watatu, Anne Waiguru wa Kirinyaga, Charity Ngilu wa Kitui na marehemu Joyce Laboso wa Bomet. Mwaka 2022 wakawa saba, na mmoja wao yuko hapo tu ukivuka feri ya Likoni na kushika barabara ya kusini: Fatuma Achani wa Kwale. Ukitazama walikotokea, utaona alama za ngazi. Achani, mwanasheria, alikuwa naibu gavana kwa mihula miwili chini ya Salim Mvurya. Gladys Wanga wa Homa Bay na Kawira Mwangaza wa Meru walikuwa wawakilishi wa wanawake. Hapa Mombasa, Mishi Mboko alianzia kwenye kiti hicho hicho mwaka 2013, kisha 2017 akakiacha akagombea ubunge wa Likoni, akashinda, na 2022 akashinda tena. Aisha Jumwa alifanya vivyo hivyo Malindi, ingawa alipojaribu ugavana wa Kilifi mwaka 2022 alishindwa.

Neno ninalotaka ulishike, mwanangu, ni lile la kukiacha. Viti maalumu vina wapinzani wengi, na baadhi ya lawama zao ni za haki. Mimi naviona kuwa kidato cha kwanza cha ngazi, na tatizo letu ni kwamba wengi hufika kwenye kidato hicho wakajenga nyumba. Tena kiti chenyewe kimegeuzwa kuwa kisingizio. Nimekaa kwenye vikao ambamo mwanamke alisema anataka jimbo, akaambiwa kwa sauti ya upole kabisa, "Lakini dada, nyinyi si mna kiti chenu?" Kiti hicho kimoja kinazunguka kaunti nzima, hapa kwetu majimbo sita kutoka Jomvu hadi Nyali, kikihitaji kampeni kubwa kama ya gavana, na mwenye kukipata hana mamlaka ya gavana hata chembe. Ndiyo maana katika majimbo 290 ya nchi hii, wanawake waliochaguliwa mwaka 2013 walikuwa 16, mwaka 2017 walikuwa 23, na mwaka 2022 hawakuzidi 30.

Utasema basi wapiga kura hawawataki. Sikubali, kwa sababu nimeona mahali ambapo wengi wao huangukia, na mahali hapo ni kabla mpiga kura wa kawaida hajafika.

Katika uchaguzi mmoja wa miaka ya nyuma nilimsindikiza mama mmoja, mwalimu wa chekechea, aliyewania tiketi ya chama kwa kiti cha wadi. Sitamtaja wala chama sikitaji. Kura za mchujo zilipigwa katika shule ya msingi. Saa tano asubuhi, kwenye kituo ambacho mtaa wake wote hupiga kura, tuliambiwa karatasi zimekwisha, zinaletwa, na zikaletwa saa tisa alasiri wakati wanawake wengi walikuwa wameshaondoka kwenda kuinjika chungu. Magharibi ilipoingia, mawakala wake watano, wote wanawake, walianza kuaga mmoja mmoja: huyu ana mtoto mchanga, yule mumewe amepiga simu mara tatu, wa tatu hana nauli ya tuktuk ya usiku. Ilipogonga saa nne usiku darasani walibaki mawakala wa wanaume, mimi, na msimamizi aliyekuwa akihesabu kwa mwanga wa simu na kuandika alama za vijiti kwenye daftari la shule. Alikatiza hesabu, akatoka nje kuongea na watu waliokuwa kwenye gari, akarudi na jumla iliyokamilika. Cheti cha chama kilipewa kijana ambaye kutwa nzima sikumwona pale kituoni. Mama yule hakukataliwa na majirani zake. Alishindwa na nauli ya tuktuk na saa za usiku.

Tangu siku ile, kila mwanamke anayenijia kutaka ushauri humuuliza kwanza mawakala wake watalala wapi, kisha ndipo nimuulize ana ajenda gani. Inachekesha, lakini ndivyo ilivyo.

Pesa nayo ni kizuizi, ila si kwa namna inavyodhaniwa. Ada ya kujiandikisha kwa Tume ya Uchaguzi kwa wanawake ni nusu ya ile ya wanaume, na kwa kiti cha wadi hata muuza mahamri anaweza kuchangiwa na chama chake cha kina mama ikatimia. Kinachomaliza watu ni mafuta ya pikipiki, fulana, chai ya vijana wa maskani kila jioni kwa miezi minane, na kwamba mwanamume anaweza kukopa kwa hati ya shamba iliyo na jina lake, wakati mkewe na dadake hawana hati. Kisha kuna matusi. Mwanamume hutukanwa kwa aliyoyafanya, mwanamke hutukanwa kwa mwili wake na ndoa yake, na ikiwa hakuolewa ndiyo balaa zaidi. Wako waliojiondoa si kwa kuogopa kushindwa bali kwa kuwaonea haya watoto wao.

Kuhusu urais wenyewe, soma kanuni kabla ya kutabiri. Mshindi anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Hakuna anayefika hapo bila muungano wa vyama, na miungano hufungwa na wenye vyama. Kwa hivyo swali la lini Kenya itapata rais mwanamke ni swali la lini mwanamke atamiliki chama chenye wabunge wengi, au lini atakuwa naibu wa anayeshinda, maana katiba yetu nayo humpa naibu muda uliobaki kiti kikiwa wazi. Mwaka 2022 tulikaribia kuliko watu wanavyokumbuka. Wagombea urais walikuwa wanne, na watatu kati yao walichagua wanawake kuwa wagombea wenza: Martha Karua kwa Raila Odinga, Justina Wamae kwa George Wajackoyah, na Ruth Mutua kwa David Mwaure. Tiketi pekee ya wanaume wawili ndiyo iliyoshinda, na tofauti kati yake na ya Raila na Karua haikufika kura 250,000.

Yaliyompata Kawira Mwangaza pia yana somo katika hili. Alishinda ugavana wa Meru akiwa mgombea huru, jambo la kusifika, lakini aliingia ofisini bila chama nyuma yake katika bunge la kaunti. Wawakilishi wa wadi walimpigia kura ya kumwondoa mara tatu, Seneti ikamwokoa mara mbili, na mwezi Agosti 2024 ikamwondoa. Magavana wanaume nao wameondolewa, Kiambu na Nairobi, kwa hiyo sisemi ni uanauke tu. Nasema aliyepanda bila ngazi hukosa pa kukanyaga upepo ukivuma.

Basi Mombasa. Mji huu ulishapata naibu gavana mwanamke, Hazel Katana, kati ya 2013 na 2017, na unaye mbunge wa Likoni. Ngazi ipo, ila vidato vina nafasi kubwa kati yake. Kabla ya 2027 ningekuomba ufanye jambo moja, wewe na wenzako wa chuoni, ambalo halina picha nzuri za kuweka mtandaoni. Sheria ya vyama iliyorekebishwa mwaka 2022 inasema chama kikifanya mchujo wa moja kwa moja, wanaopiga kura ni wanachama waliosajiliwa, na kikitumia wajumbe, ni wajumbe hao peke yao wanaoamua. Wanawake wanaojaza viwanja vya kampeni kwa leso na vigelegele wengi wao hawamo katika daftari lolote, au wamo katika daftari la chama wasichokijua, kama Wakenya wengi walivyogundua mwaka 2021 kwamba wamesajiliwa bila kuulizwa. Angalia jina lako liko chama gani. Kisha nenda kwenye ofisi ya chama unachokipenda hapo Kisauni, uliza wajumbe wa wadi yako ni nani, wako wangapi wanawake, na uchaguzi wao ni lini. Ukiambiwa orodha haipo, rudi Jumatatu uulize tena, na uende na mtu wa pili. Ikiwezekana, mchukue ami yako.